Ugumu wa ratiba katika futiboli ya vyuo vya Marekani: uamini kipimo kipi Desemba ikifika?

Usiku wa Desemba 20, 2024, Indiana walikwenda South Bend kucheza na Notre Dame katika raundi ya kwanza ya mtoano, wakafungwa 27-17. Hata hayo matokeo yanawastiri, kwa sababu sehemu kubwa ya pointi zao waliipata dakika za mwisho kabisa, mechi ikiwa imeshakwisha. Kesho yake vijiwe vyote vilikuwa na wimbo mmoja: tuliwaambia. Timu ilikuwa imeshinda mechi 11 kati ya 12, lakini wengi waliofungwa walikuwa vibonde, na walipokutana na kigogo wa kweli, Ohio State, walichapwa 38-15.

Mwaka uliofuata kocha yuleyule, Curt Cignetti, alianza msimu kwa kupasha misuli na Old Dominion, Kennesaw State na Indiana State. Wimbo ukaanza tena. Januari 2026 Indiana walikuwa mabingwa wa taifa: mechi 16, ushindi 16, na Alabama wakapigwa 38-3 njiani.

Nimeanza na hawa kwa sababu wanaonyesha kosa ambalo karibu kila mbishi hulifanya. Ratiba nyepesi haisemi kwamba timu ni mbovu. Inasema kwamba bado hatujui. Ukishatenganisha mambo hayo mawili, kuchagua kipimo kunakuwa rahisi zaidi.

Kwa nini ubishi huu haupo kwenye ligi tulizozizoea

Sisi tuliokulia kwenye soka tumezoea ligi ambayo kila timu inakutana na kila timu, nyumbani na ugenini. Mwisho wa msimu jedwali linajieleza. Huwezi kusema fulani amepewa mteremko, maana wote wamepanda mlima uleule.

Futiboli ya vyuo haina mlima mmoja. Msimu wa 2025 daraja la juu lilikuwa na timu 136, na kila moja ilicheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi, yaani makundi ya timu ambayo kila moja lina bingwa wake. Hata ndani ya konferensi moja mambo hayalingani. Big Ten ina timu 18 na kila timu inacheza mechi tisa za ndani, kwa hiyo kuna wenzao wanane ambao hawatakutana nao mwaka huo. Timu mbili zinaweza kuwa na jezi zenye nembo ileile ya Big Ten, moja imepita kwa Ohio State na Oregon, nyingine imewakwepa wote wawili bila kupanga.

Halafu watu 13 wa kamati ya uteuzi wanakaa chumbani na kuzipanga. Misimu ya 2024 na 2025 walitafuta timu 12: mabingwa watano wa konferensi waliopangwa juu zaidi, na nyingine saba zilizochaguliwa kwa sifa. Mwongozo wao unasema kwamba timu zikikaribiana waangalie ubingwa wa konferensi, ugumu wa ratiba, mechi ya ana kwa ana, na matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja. Haupo mstari unaosema kila kimoja kina uzito gani. Hapo ndipo kila shabiki anaingiza mkono wake.

Kipimo cha kwanza: hesabu vipigo, basi

Hiki ndicho kipimo cha mzee anayesema ushindi ni ushindi. Aliyeshinda zote yuko juu ya aliyepoteza moja, naye yuko juu ya aliyepoteza mbili. Uzuri wake ni kwamba mchezaji anakijua kabla hajaingia uwanjani. Hakuna mtu wa kumwambia baadaye kwamba ushindi wake haukuwa ushindi.

Ukitaka kujua kwa nini watu wanakipenda, mkumbuke UCF (chuo cha Central Florida) wa 2017. Walishinda mechi zao zote 12 pamoja na ubingwa wa konferensi yao, na kamati ikawaweka nafasi ya 12 wakati timu zinazoingia zilikuwa nne. Walikuwa na mechi na Georgia Tech ambayo ingewapa ushahidi kidogo, ikafutwa kwa sababu ya kimbunga Irma. Ratiba yako inapunguzwa na upepo, halafu unaulizwa kwa nini ni nyepesi. Kwenye Peach Bowl, moja ya zile mechi za baada ya msimu zinazoitwa bowl, wakawafunga Auburn 34-27, Auburn ambao msimu huohuo walikuwa wamewafunga Alabama na Georgia, yaani timu mbili zilizocheza fainali.

Lakini kipimo hiki kina ugonjwa mmoja, nao ni mbaya: kinawafundisha wapanga ratiba kukimbia. Kama kipigo ni kipigo, kwa nini uende kwa kigogo mwezi Septemba? Nunua kibonde, jaza uwanja, chukua ushindi. Alabama, ambao mashabiki wao husema hakuna ratiba ngumu kama ya konferensi yao, SEC, katikati ya Novemba 2024 walicheza na Mercer, timu ya daraja la chini, wakashinda 52-7. Siwalaumu. Karibu konferensi yao yote hufanya hivyo.

Kipimo cha pili: wastani wa wapinzani

Hiki ndicho watu wengi wanachokimaanisha wanaposema ugumu wa ratiba. Unachukua wapinzani wote wa timu, unatafuta wameshinda asilimia ngapi, kisha unalinganisha. Mfumo wa zamani wa BCS, uliochagua timu mbili za fainali kuanzia 1998 hadi 2013, mwanzoni ulikuwa na kipengele hiki kikijitegemea kwenye hesabu yake: theluthi mbili rekodi ya wapinzani, theluthi moja rekodi ya wapinzani wa wapinzani.

Kilileta balaa 2003. USC walikuwa wa kwanza kwenye kura za waandishi na kwenye kura za makocha, lakini BCS ikawaweka wa tatu, nyuma ya Oklahoma waliokuwa wametoka kupigwa 35-7 na Kansas State kwenye fainali ya konferensi yao. Oklahoma wakacheza fainali ya taifa, wakafungwa na LSU 21-14, na USC wakapewa ubingwa wa waandishi. Mwaka mmoja na mabingwa wawili. Msimu uliofuata kipengele cha ratiba kikaondolewa kwenye hesabu.

Tatizo la wastani si siasa, ni hesabu yenyewe. Fikiria timu bora sana. Mpe wapinzani 12 wa kati, wote wa aina moja, na tuseme ana nafasi ya asilimia 85 kumfunga kila mmoja. Tutarajie ashinde mechi 10.2. Sasa mbadilishie: vibonde sita anaowafunga karibu kila siku, asilimia 99, na vigogo sita ambao ni nusu kwa nusu. Matarajio yanashuka hadi kama 8.9. Wastani wa wapinzani unaweza kuwa uleule kabisa, lakini huyu kapewa kazi nzito zaidi kwa tofauti ya zaidi ya mechi moja. Kwa timu ya kati ratiba hizo mbili zingekuwa karibu sawa. Kwa timu inayotafuta ubingwa ni mbingu na ardhi. Ndiyo maana orodha ya "ratiba ngumu kuliko zote" inayosambazwa mitandaoni kila Agosti hainishughulishi. Ngumu kwa nani?

Kuna na hili la mikataba. Mechi za nje ya konferensi hupangwa miaka mingi kabla. Florida State walikuwa 13-0 mwaka 2023, yaani ushindi 13 bila kipigo. Ukimsaini mtu wa namna hiyo unaamini umesaini kigogo. 2024 walimaliza na ushindi mara 2 na vipigo 10, na Notre Dame wakawafumua 52-3. Notre Dame walitafuta mechi ngumu, wakapewa maiti.

Kipimo cha tatu: rekodi yako ina thamani gani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho ninachokiamini.

Swali linabadilika. Badala ya kuuliza "umecheza na nani?", tunauliza "timu nzuri ya kawaida, tuseme ya kati ya zile 25 bora, ingepewa ratiba hii hii ingeshinda mechi ngapi?" Kisha tunatazama wewe umeshinda ngapi. Kituo cha runinga cha ESPN kina kipimo cha aina hii, kinachotafuta uwezekano wa timu kama hiyo kupata rekodi yako au bora zaidi. Kamati nayo, kuanzia msimu wa 2025, iliongezewa kipimo cha jamii hiyo: kumfunga mkubwa kunalipa sana, kufungwa na mkubwa kunaumiza kidogo, kumfunga mdogo kunalipa kidogo, na kufungwa na mdogo kunaumiza sana.

Tutumie namba za mfano, nimezibuni mwenyewe ili hesabu ionekane. Tuseme ile timu nzuri ya kawaida humfunga kibonde kwa asilimia 95, wa kati kwa asilimia 75, na kigogo kwa asilimia 45.

Timu A ina vibonde 10 na wa kati wawili. Matarajio ni 9.5 ukijumlisha 1.5, sawa na ushindi 11. Timu B ina vibonde watano, wa kati wanne na vigogo watatu: 4.75, jumlisha 3, jumlisha 1.35. Ni 9.1.

Sasa angalia. Timu A ikimaliza 11-1, imefanya kile ambacho timu yoyote nzuri ingefanya. Sifuri, haijazidi wala kupungua. Timu B ikimaliza 10-2 imezidi matarajio kwa 0.9, kwa hiyo inastahili kuwa juu ya A ingawa ina kipigo cha ziada. Lakini Timu B ikimaliza 9-3 imepungukiwa na 0.1, na kelele zote za "tumecheza na wanaume" hazitaisaidia. Na Timu A ikishinda zote 12 imezidi kwa 1.0, juu ya wote, kwa unywele mmoja.

Mpangilio huu unawaudhi watu wa pande zote mbili, na mimi naona hiyo ni dalili njema. Shabiki wa timu ndogo haupendi kwa sababu 11-1 yake haimfikishi popote. Shabiki wa SEC haupendi kwa sababu vipigo vitatu bado ni vipigo. Ratiba haitoi zawadi kwa kuwepo tu. Inakuwekea mstari, halafu unatakiwa uuvuke.

Udhaifu wake upo. Kwanza, lazima mtu aamue nani kigogo na nani kibonde, na uamuzi huo unatoka kwenye kompyuta ambayo shabiki haioni. Pili, hakitazami ulishindaje; kushinda kwa pointi moja na kushinda kwa 40 ni kitu kimoja. Kwangu hilo la pili si kasoro, maana sipendi kuona kocha akiendelea kufunga robo ya nne ili awafurahishe watu 13 hotelini. Wewe unaweza kuona vingine.

Kipimo cha nne: nani angeshinda wakikutana kesho

Hiki ni kipimo cha mbashiri. Mifumo ya kompyuta kama SP+ ya Bill Connelly na FPI ya ESPN iko upande huu. Haiulizi umevuna nini, inauliza una nguvu kiasi gani, na ratiba hutumika kusahihisha namba tu: yadi ulizopata dhidi ya kibonde zinapunguzwa, zile ulizopata dhidi ya ukuta mgumu zinaongezwa.

Kwa kutabiri, ni kizuri kuliko vyote. Kwa kuchagua nani aingie, kinanipa wasiwasi, na wasiwasi wangu una jina: Florida State 2023. Mabingwa wa konferensi ya ACC, 13-0, waliowafunga LSU 45-24 mechi ya kwanza. Novemba kwotabeki wao, mchezaji anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis, akavunjika mguu. Kamati ikawaweka wa tano na kuwaingiza Alabama wenye kipigo kimoja, ikieleza kwamba bila Travis hii ni timu nyingine. Ratiba ya ACC nayo ikatumiwa kupigilia msumari. Baadaye Georgia wakawafunga 63-3 kwenye Orange Bowl na watu wakasema mmeona? Hatukuona chochote. Wachezaji wengi wa Florida State walishajitoa, kwa kuwa mechi haikuwa na maana tena kwao.

Ukichagua kwa nguvu inayokadiriwa, unamwambia kijana kwamba alichofanya Septemba kinaweza kufutwa na makadirio ya Desemba. Nilipohamia Columbus, mji wa Ohio State, na kuanza kuufuatilia mchezo huu, hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa: kwamba mtu anaweza kushinda zote na bado akapigiwa kura ya kutolewa.

Ana kwa ana

Kifupi: hiki ni kisu cha kukatia, si mizani ya kupimia. Msimu wa 2025 Miami waliwafunga Notre Dame 27-24 mechi ya kwanza. Baadaye Miami wakateleza kwa Louisville na SMU, Notre Dame wakafungwa na Texas A&M 41-40 kisha wakashinda kumi mfululizo. Wote 10-2. Wiki nenda wiki rudi kamati iliwaweka Notre Dame juu, mpaka orodha ya mwisho ikawageuza. Miami wakaingia na kufika fainali. Walipokaribiana hivyo, mechi waliyocheza wenyewe ilipaswa kumaliza maneno tangu Novemba. Kuwageuza siku ya mwisho, bila yeyote kati yao kucheza wikendi hiyo, ndiko kulikozua makelele.

Tuvijaribu kwa kesi mbili

Kesi ya kwanza ni SMU dhidi ya Alabama, 2024. SMU 11-2, vipigo viwili kwa jumla ya pointi sita: 18-15 kwa BYU na 34-31 kwa Clemson kwenye fainali ya ACC. Alabama 9-3, lakini na ushindi wa 41-34 dhidi ya Georgia waliokuja kuwa mabingwa wa SEC. Ukihesabu vipigo, ni SMU. Ukienda na wastani wa wapinzani, ni Alabama. Mbashiri naye angesema Alabama. Kwa thamani ya rekodi mambo yanakaribiana sana, na kinachowaangusha Alabama si kipigo cha Tennessee, ni vile vya Vanderbilt na Oklahoma, timu mbili zilizomaliza msimu wa kawaida 6-6. Moja iliwafunga 40-35, nyingine 24-3. Kamati ikawachukua SMU, nao wakaenda Penn State wakapigwa 38-10. Watu wakataja matokeo hayo kama ushahidi wa kosa. Wakasahau kutaja kwamba Alabama nao walifungwa na Michigan 19-13 kwenye bowl yao. Kwangu uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa kwa kuponea chupuchupu.

Kesi ya pili ni Texas 2025, na hii ndiyo niliyoisikia sana kazini. Walifungua msimu hapa Columbus, wakafungwa na Ohio State 14-7, wakamaliza 9-3, wakaachwa. Kilio chao: tungecheza na kibonde siku ile tungekuwa 10-2 na tungekuwa ndani. Sehemu ya kilio hicho ni kweli. Kama kamati inahesabu vipigo kwa vidole, Texas waliadhibiwa kwa ujasiri. Lakini kwa thamani ya rekodi, kufungwa kwa tachidauni moja ugenini na bingwa mtetezi hakugharimu karibu chochote. Kilichowagharimu ni 29-21 kwa Florida, timu iliyomaliza 4-8. Kaburi lao lilichimbwa Gainesville, nyumbani kwa Florida, wao wanalilia Columbus.

Basi uchague kipi

Kama unajaza karatasi ya ubashiri na wenzako kazini, tumia cha nne na usione haya. Indiana wa 2025 waliheshimiwa na namba kabla hawajaheshimiwa na watu.

Kama unabishana nani anastahili kuingia, tumia cha tatu, halafu uachane na vingine. Kosa ninaloliona mara kwa mara, hata kwa wachambuzi wa runinga, ni kuhesabu ratiba mara tatu: thamani ya rekodi, ambayo tayari ina ratiba ndani yake, kisha ugumu wa ratiba juu yake, kisha "ushindi dhidi ya timu za 25 bora", orodha ambayo kamati hiyohiyo imeiandika. Huko si kupima, ni kumbeba mtu mgongoni na kusema anatembea haraka. Na timu zikitofautiana kidogo mno, kama zile sifuri nukta moja za mfano wangu, angalia kama zilikutana. Kama hazikukutana, bingwa wa konferensi atangulie.

Cha kwanza kina nafasi yake mahali pamoja tu: kwa asiyepoteza kabisa. Timu iliyofunga kila aliyewekwa mbele yake haijatupa sababu ya kuitoa, na kama hatuna ushahidi wa kutosha, mechi ya mtoano ndiyo mahali pa kuutafutia. Kwa nafasi 12 hilo linawezekana. Kwa nafasi nne lilikuwa gumu, ingawa Cincinnati walipita 2021 baada ya kuwafunga Notre Dame 24-13 kwao.

Wastani wa wapinzani sioni pa kuutumia, isipokuwa kwa kuuzia tiketi.

SEC wanahamia mechi tisa za ndani kuanzia msimu wa 2026, baada ya miaka mingi ya nane, kwa hiyo nafasi moja ya kibonde imepungua kwa kila timu. Na mkataba wa Ohio State na Texas una mechi ya pili, safari hii Austin. Nitaitazama nikiwa na swali moja: atakayefungwa, kamati itampunguzia kiasi gani Desemba?